Nyumba ya Mungu Kati ya Nyumba za Watu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Wazee wa Usharika, Kamati ya Ujenzi na wageni waalikwa katika Juma la Jubilei ya Miaka 100)



Usharika unapotimiza miaka mia moja, mambo mawili hutokea karibu kwa wakati mmoja. La kwanza ni shukrani: majina ya waliobatizwa kwanza husomwa, makaburi ya wainjilisti husafishwa, na nyimbo za zamani huimbwa tena. La pili ni ramani ya jengo jipya. Kanisa lililojengwa na wazazi limekuwa dogo, kuta zimefanya nyufa, na vijana husikiliza mahubiri wakiwa wamesimama nje ya madirisha. Hapo kamati ya ujenzi huleta mezani karatasi yenye picha ya kupendeza: nguzo ndefu, vioo vipana, mnara unaoonekana kutoka barabara kuu. Mara nyingi picha hiyo imechorwa na mtu ambaye hajapata kuketi hapo adhuhuri ya mwezi wa Februari, wala kusikia mvua ya masika ikipiga bati hadi mhubiri akalazimika kunyamaza. Kwa hiyo, kabla jiwe la kwanza la kanisa la zamani halijang'olewa, lipo swali ambalo hapana budi lijibiwe: je, inayojengwa ni nyumba ya watu hawa na ya mahali hapa, au ni nyumba ya mahali pengine iliyotua hapa kama mgeni asiyejua jina la mtu yeyote?

Swali hili si la mafundi peke yao; ni la imani pia. Tarehe 5 Oktoba 1544 Martin Luther alihubiri katika kuwekwa wakfu kwa kanisa la ngome ya Torgau, ambalo huhesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza yaliyojengwa mahsusi kwa ajili ya ibada ya Kiinjili. Fundisho lake siku ile lilikuwa jepesi kueleweka: nyumba hupata utakatifu wake kwa kazi inayofanyika ndani yake, yaani Bwana kusema na watu wake kwa Neno, nao watu kumjibu kwa sala na sifa. Kuta zenyewe hazina baraka za pekee. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha saba, nalo linalieleza Kanisa kuwa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na Sakramenti hutolewa kwa haki. Wapo wanaolichukua fundisho hili kuwa ruhusa ya kutojali jengo. Lakini ikiwa jengo lipo kwa ajili ya kusanyiko, basi ubora wake hupimwa kwa jinsi linavyolihudumia kusanyiko hilo, pamoja na majirani wanaolizunguka.

Katika usanifu wa majengo wa siku hizi limekuwapo kundi la wasanifu wanaofuata njia hiyo. Kwa muda mrefu wa karne ya 20, nyumba ya zege na vioo iliyochorwa kwa ajili ya mji mmoja iliweza kuonekana karibu vilevile katika mji mwingine wa bara lingine, na joto lake likaachiwa mashine za umeme. Wasanifu wa kundi hili huanza upande mwingine. Huuliza kwanza udongo wa mahali ni wa namna gani, upepo huvuma kutoka wapi, mafundi wa hapo wanajua nini, na wakazi wanakumbuka nini. Mifano mitatu inatosha kuonyesha njia hiyo: mmoja wa Ulaya, na miwili ya Afrika.

KANISA DOGO LA UPATANISHO, BERLIN

Mji wa Berlin si mgeni katika historia ya Ulutheri wa Tanzania. Kutoka huko Shirika la Misioni la Berlin liliwatuma watu walioingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1894, kanisa kubwa la matofali liitwalo Kanisa la Upatanisho liliwekwa wakfu katika mji huo, kando ya barabara ya Bernauer Straße.

Mwezi Agosti 1961 Ukuta wa Berlin ulijengwa, nao ukapita mbele ya mlango wa kanisa hilo. Jengo likabaki upande wa Mashariki ndani ya ukanda wa mpaka, na washarika walio wengi wakabaki upande wa Magharibi. Hakuna aliyeruhusiwa tena kuingia kusali. Mwezi Januari 1985 serikali ya Ujerumani ya Mashariki ililibomoa kwa baruti, kwanza jengo na siku chache baadaye mnara. Wale waliobatizwa na kufungishwa ndoa humo walitazama kutoka ng'ambo mnara ukianguka.

Ukuta ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, usharika ulianza safari ya kurudi, na baada ya miaka kadhaa ulikipata tena kiwanja chake. Wasanifu Rudolf Reitermann na Peter Sassenroth walichora kanisa dogo la zege na vioo. Usharika ulilikataa zege. Sababu yake haikuwa gharama wala mtindo: Ukuta ulikuwa wa zege, na watu waliotenganishwa kwa zege kwa miaka ishirini na minane hawakutaka kusali ndani yake. Hapo ndipo jambo jema lilipotokea, kwa maana wasanifu walisikiliza. Wakamwita Martin Rauch, fundi wa udongo kutoka Austria, na kuta zikajengwa kwa udongo wa kushindilia. Udongo wenye unyevu kiasi hutiwa kati ya mbao zilizosimamishwa pande mbili, ukashindiliwa tabaka baada ya tabaka, kisha mbao zikaondolewa na ukuta ukabaki umesimama. Ndani ya udongo huo vilichanganywa vipande vya matofali ya kanisa lililolipuliwa. Vijana wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walishiriki kuushindilia.

Kanisa hilo lilifunguliwa tarehe 9 Novemba 2000. Umbo lake ni la duara refu mfano wa yai. Nje limezungukwa na fito za mbao zinazopitisha mwanga na hewa, na ndani umo ukuta wa udongo. Anayeutazama kwa karibu huona vipande vyekundu vya matofali ya zamani vikiwa vimelala ndani yake. Ubao wa madhabahu ya zamani, uliochongwa na kisha kuharibiwa, umewekwa katika shubaka la ukuta bila kufichwa majeraha yake. Kengele za kanisa la kwanza, zilizookolewa kabla ya kubomolewa, zinaning'inia nje katika fremu ya mbao. Tangu mwaka 2005 nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, hupandwa katika ardhi iliyo kando ya kanisa, palepale walipopita askari wenye bunduki. Ndani ya kanisa, katika sala za mchana, husomwa habari za maisha ya mmoja wa watu waliouawa penye Ukuta, ambao idadi yao haipungui 140.

Jengo hilo ni dogo kuliko lile lililobomolewa, na mnara mrefu halina. Hata hivyo, hakuna anayeweza kulihamishia mahali pengine. Likiondolewa Bernauer Straße litakuwa chumba cha udongo tu. Likiwa pale, ni ushuhuda.

SHULE YA MSINGI YA GANDO, BURKINA FASO

Katika miaka ileile, katika mji uleule wa Berlin, alikuwapo mwanafunzi Mwafrika wa usanifu, Diébédo Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, akiwa mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji. Kwa kuwa Gando hapakuwa na shule, alipelekwa mbali na nyumbani akiwa na umri wa miaka saba. Baadaye alijifunza useremala, akapata nafasi ya masomo Ujerumani, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Kabla hajahitimu, mwaka 1998, alianzisha chama cha kuchangisha fedha ili kijiji chake kipate shule. Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001.

Huko Gando mabishano yalikwenda kinyume na yale ya Berlin. Msanifu alitaka udongo, na wanakijiji walikuwa na mashaka. Nyumba ya udongo waliijua. Huliwa na mvua, na kila mwaka hudai kukarabatiwa. Shule ya kweli machoni pao ilikuwa ya zege, kama zile za mjini. Kéré hakuwadharau wala hakuwapita. Alieleza, akajenga mifano, watu wakaijaribu wenyewe. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo na kugandamizwa kuwa matofali imara. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu, likatokeza mbali nje ya kuta ili mvua isizifikie. Hewa ya moto ndani ya darasa hupanda, hupita katika matundu ya dari, ikachukuliwa na upepo upitao chini ya bati. Hewa nyingine huingia madirishani. Kwa njia hiyo, katika nchi ambayo joto hufikia nyuzi 40, watoto husoma bila mashine yoyote ya umeme. Kenchi zinazobeba paa zilichomelewa kwa nondo za kawaida, kwa kuwa hakukuwa na winchi ya kuinulia vyuma vizito.

Kazi ilifanywa na kijiji chenyewe. Watoto walikusanya mawe ya msingi, wanawake walibeba maji, na watu walipanga mistari kuishindilia sakafu kwa mkono mpaka ikawa laini. Baadaye, kwa ajili ya maktaba, wanawake walileta vyungu vyao vya udongo. Vikakatwa vichwa na matako, vikapangwa katika dari ili mwanga na hewa vipite. Vijana waliojifunza ufundi hapo walipata kazi sehemu nyingine. Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kuu kwa wasanifu wa majengo duniani.

HOSPITALI YA BUTARO, RWANDA

Mfano wa tatu uko jirani zaidi. Mwaka 2011 ilifunguliwa hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya nchi hiyo na shirika la Partners In Health. Wasanifu walikuwa MASS Design Group. Milima ya huko ni nchi ya volkano, na mashamba yamejaa mawe meusi ambayo mkulima huyahesabu kuwa kero. Waashi wa huko waliyachonga na kuyapanga kwa ustadi hata yakawa kuta ambazo wageni husafiri kwenda kuzitazama. Msomaji wa Zaburi ya 118 hatakosa kukumbuka jiwe lililodharauliwa na wajenzi.

Nao ugonjwa ulifikiriwa kabla ya sura ya jengo. Kwa kuwa kifua kikuu huenea katika vijia vilivyofungwa vyenye msongamano, njia za kupita ziliwekwa nje ya wodi, na madirisha yakafanywa makubwa ili hewa izunguke. Vitanda vilipangwa ili mgonjwa aelekee dirisha na kuiona milima ya nchi yake. Tena maelfu ya wakazi walipata kibarua katika ujenzi huo, hata fedha ya hospitali ikawa chakula na karo kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa.

MAFUNDISHO KWA USHARIKA

Mtu anaweza kusikia habari hizi akadhani zinafundisha kwamba udongo ni mtakatifu na zege ni dhambi. Sivyo. Berlin washarika walilikataa zege. Gando wanakijiji walilitamani. Kama msanifu wa Berlin angeshikilia ramani yake, na kama yule wa Gando angewaamuru watu badala ya kuwashawishi, pasingekuwa na habari njema ya kusimulia popote. Kinachofanana katika mahali pote patatu ni kwamba mchoro haukuwa na neno la mwisho. Watu waliulizwa, mahali palichunguzwa, na mikono ya wenyeji iliingia katika kazi.

Maandiko yanalijua jambo hili. Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia huonekana kavu, kwa maana ni orodha ya majina. Lakini anayeisoma polepole huona kwamba wafua dhahabu na watengeneza manukato walijenga, kwamba Shalumu alijenga pamoja na binti zake, na kwamba wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Ukuta wa Yerusalemu ulisimama upesi kwa sababu kila mtu alijua ni kipande gani kilichomlinda mtoto wake. Aidha, kitabu cha Ezra kinasimulia kwamba msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wengi walipiga kelele za furaha, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu. Hakuna aliyewanyamazisha wazee wale. Kamati ya ujenzi isiyo na nafasi ya machozi ya wazee haijaielewa bado kazi yake.

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini, wazee husimulia jinsi mawe ya kanisa la kwanza yalivyobebwa vichwani kutoka mtoni, na jinsi matofali yalivyochomwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kumbukumbu hiyo imo ukutani. Hata wamisionari, waliokuja na sura ya makanisa ya kwao, walilazimika kuliheshimu jua la hapa: Kanisa Kuu la Azania Front, Dar es Salaam, lililoanza kujengwa mwaka 1898, lina mnara wa mtindo wa Kijerumani, lakini juu ya madirisha yake vimewekwa vipaa vya vigae vinavyotia kivuli. Mgeni aliyejenga vizuri alikuwa amejifunza kwanza.

Kwa hiyo, kamati inayoshika ramani ya karne ya pili inaweza kujipima kwa maswali machache.

Kwanza, je, washarika wa mitaa yote, wakiwemo wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, waliona mchoro wakati ungali unaweza kubadilishwa? Kuonyeshwa mchoro siku ya harambee si kuulizwa, ni kutozwa.

Pili, je, jengo linajua lilipo? Jua la asubuhi na la alasiri, upepo, mteremko wa maji ya mvua, miti iliyopandwa na waliotangulia: haya yote hayagharimu kitu kuyachunguza, lakini kuyapuuza hugharimu kila mwezi, katika ankara ya umeme na katika usingizi wa wasikilizaji. Paa kubwa la kanisa linaweza kujaza matangi ya maji kwa ajili ya shule ya jirani. Kioo kipana kinachotazama magharibi huchoma mgongo wa kwaya kwa miaka hamsini.

Tatu, je, mafundi wa usharika wamepewa nafasi ya kufanya kazi na kujifunza, wakisimamiwa na mhandisi mwenye sifa? Udongo, mawe na matofali ya kuchoma hudai utaalamu kama zege linavyodai. Upendo wa mahali haushikilii paa lililopigwa hesabu vibaya.

Nne, je, kanisa la zamani litafanywa nini? Pengine linafaa kutengenezwa na kuwa ukumbi, chekechea au mahali pa sala za asubuhi. Ikiwa hapana budi libomolewe, basi mawe yake na yaingie katika ukuta mpya mahali yatakapoonekana, kengele yake iendelee kuita, na mlango wake upate ukuta wa kuning'inia. Usharika wa Berlin ulivichukua vipande vya nyumba iliyobomolewa na adui ukavifanya kuta za sala. Usharika unaobomoa wenyewe hauna udhuru wa kuvitupa jalalani.

Tano, je, jirani asiye Mkristo atapata nini? Benchi chini ya kivuli, maji safi, njia ya mkato inayoachwa wazi, mahali pa kujikinga mvua: mambo haya huhubiri siku sita ambazo mimbari imenyamaza. Ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake nao huhubiri, na majirani huuelewa.

Mtume Petro anawaita waumini mawe yaliyo hai, yanayojengwa kuwa nyumba ya Roho. Jiwe hai halilingani na kila ukuta. Lina historia yake, lugha yake na mahali lilipochimbwa. Miaka mia moja iliyopita wazazi wa usharika walijenga kwa walichokuwa nacho, mbele ya nyumba zao, kwa mikono yao. Watoto wao wana fedha zaidi, mashine zaidi na ramani nzuri zaidi. Wakiongeza juu ya hayo masikio ya kusikiliza, wajukuu watakaokusanyika katika jubilei ya pili hawatahitaji kuuliza nyumba hiyo ni ya nani.

Bwana aliyeanza kazi njema katika usharika huu na aiendeleze katika karne yake ya pili. Amina.